Kuzamishwa Katika Lugha: Hoja Kutoka Majengo, Nyahururu na Sendai

Mjini Nyeri, Kiswahili hufundishwa tangu darasa la kwanza, na tangu mfumo wa 8-4-4 uanze mwaka 1985 kimekuwa somo la lazima na la kutahiniwa. Hata hivyo, watoto wa mji huo wanaokizungumza bila kusitasita wengi wao wamekipatia Majengo, mtaa wa Waislamu uliotokana na wapagazi, askari na wachuuzi waliofuata boma la Waingereza lililosimamishwa hapo mwaka 1902. Mtoto wa Kikuyu anayetumwa dukani huko, na kuulizwa na mwenye duka habari za nyanya yake huku akisubiri chenji, lazima ajibu, tena kwa adabu. Ni rahisi kusema kwamba amekijua Kiswahili kwa kuwa kimemzunguka. Makala hii inadai kuwa maelezo hayo hayatoshi, na kwamba kasoro yake inaonekana wazi zaidi kwa vijana wa miji ya Mlima Kenya waliokwenda kusoma Japani.

Imani kwamba lugha hupatikana kwa kuzamishwa ndani yake imejengewa taasisi kubwa. Chuo cha Middlebury nchini Marekani kilianzisha shule yake ya kiangazi ya Kijerumani mwaka 1915. Baadaye kikaongeza lugha nyingine, Kijapani kikiwemo, na wanafunzi hutia ahadi ya kutotumia lugha nyingine yoyote mpaka masomo yaishe. Utafiti haujawa mkarimu hivyo. Mkusanyo uliohaririwa na Barbara Freed mwaka 1995 kuhusu wanaojifunza lugha ng'ambo ulitoa picha ya mseto: wapo wanaorudi na ufasaha, na wapo ambao faida yao ni ndogo kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka huohuo Bonny Norton, aliyewachunguza wanawake wahamiaji nchini Kanada, alionyesha kuwa kuishi katikati ya wazungumzaji hakumpi mgeni haki ya kuzungumza nao. Haki hiyo mtu hupewa au hunyimwa, kutegemea anavyotazamwa.

Kwa Mkenya anayekwenda Japani kwa ufadhili wa serikali ya nchi hiyo, jambo hili si la kinadharia. Anayekwenda kwa shahada ya kwanza huanza na mwaka mzima wa Kijapani. Mtafiti wa uzamili au uzamivu hupewa miezi michache tu, na mara nyingi huingia kwenye programu inayoendeshwa kwa Kiingereza. Maabara yake huandika kwa Kiingereza, msimamizi wake humjibu kwa Kiingereza, na tiketi ya treni huuzwa na mashine. Japani, ikubaliwe, ni nchi inayomruhusu mtu bubu aishi vizuri sana. Basi mtu anaweza kuzungukwa na Kijapani miaka minne na akaondoka na salamu, majina ya vyakula na maneno ya kuomba radhi. Mazingira alikuwa nayo tele. Alichokosa ni kazi ambayo bila Kijapani chake ingelala.

Kazi hiyo waliipata wanariadha. Samuel Wanjiru, aliyezaliwa Nyahururu mwaka 1986, alikwenda Sendai mwaka 2002 akiwa na miaka 15, kusoma katika shule ya sekondari ya Sendai Ikuei. Daniel Njenga, wa Nyahururu vilevile, alikuwa amemtangulia katika njia hiyo. Shule ilimtaka Wanjiru kwa ajili ya ekideni, mbio za barabarani za kupokezana. Katika mashindano ya kitaifa ya wavulana yanayofanyika Kyoto kila Desemba, wakimbiaji saba hugawana umbali wa marathoni, na kila mmoja humkabidhi mwenzake mshipi wa kitambaa anaovaa kifuani. Akichelewa mmoja, wote wamechelewa. Sendai Ikuei ilishinda mwaka 2003 na 2004, Wanjiru akiwamo.

Wanaosimulia habari hii hutazama miguu. Mimi natazama bweni. Katika shule za Kijapani za aina hii mwanariadha mdogo hufagia, huwaamkia wakubwa kwa namna iliyopangwa, hupokea maelekezo ya kocha na kuyafikisha kwa wengine, na lugha anayomsemea kocha si ile anayomsemea mwenzake wa chumba. Kosa la lugha humfikia mtu mwingine: zamu inavurugika, mkubwa anajiona amedharauliwa. Kwa hiyo yupo daima wa kumsahihisha, na anafanya hivyo kwa manufaa yake mwenyewe. Wanjiru alipoishinda marathoni ya Olimpiki mjini Beijing mwaka 2008 kwa saa 2:06:32, akiwa Mkenya wa kwanza kupata dhahabu hiyo, alikuwa akizungumza na waandishi wa Japani kwa lugha yao.

Ataulizwa mtetezi wa hoja hii: je, shule za misheni? Wangari Maathai aliingia bweni la Mtakatifu Cecilia, Mathari, pale pale Nyeri, mwaka 1951. Amesimulia jinsi mwanafunzi aliyenaswa akisema lugha ya mama alivyovishwa beji ya aibu, ikapita kutoka kwa mtoto hadi mtoto. Kiingereza walikijua, na kwa ufasaha. Sikatai kwamba kulazimisha kunafundisha. Ila beji hufundisha kwa kumfanya mtoto amvizie mwenzake, na Maathai mwenyewe aliona kwamba hiyo ndiyo iliyowazoesha watoto kuidharau lugha ya kwao. Mshipi wa ekideni nao ni mzigo unaopita mkono kwa mkono, lakini anayeupokea anautaka. Tofauti hiyo haipimwi kwa mtihani wa sarufi, na ndiyo maana wapangaji wa programu za kuzamisha huipuuza.

Hata hivyo, kuhitajiwa kuna mipaka yake. Japani ilipochoka kuona wageni wakiamua mashindano mapema, kanuni ya mwaka 2008 iliwazuia wanafunzi wa kigeni kukimbia kipande cha kwanza cha ekideni ya sekondari. Kwa wanaoamini kwamba mazingira pekee hufundisha, kanuni hiyo haihusiani kabisa na lugha: shule ni ileile, bweni ni lilelile, Kijapani ni kilekile. Kwa hoja ninayoitetea hapa, ingetarajiwa iache alama, kwa kuwa imepunguza uzito wa kijana mgeni ndani ya timu. Wakenya waliosoma katika shule hizo kabla na baada ya mwaka huo wengi wao bado wako hai, baadhi wamerudi Nyahururu na Nyeri, na Kijapani chao kinaweza kurekodiwa na kulinganishwa.