Tuelewe: petroli chini ya bahari, nyangumi, na ruhusa ya wakaaji

Kutafuta petroli chini ya bahari hakuanze na kuchimba. Kunaanza na sauti. Meli inavuta mizinga ya hewa iliyobanwa, inalipuka kila sekunde 10 hivi. Sauti inashuka mpaka ndani ya mawe ya chini, kisha inarudi kwenye vyombo vya kusikiliza. Njo namna wataalamu wanajua mahali petroli inaweza kuwa. Kazi hiyo inaitwa sismiki, na inaweza kuendelea miezi, usiku na mchana.

Shida iko wapi?
Nyangumi na pomboo wanaishi kwa masikio. Wanaitana kwa sauti, na pomboo anatafuta samaki kwa sauti. Makelele ya mizinga inaweza kuwafukuza ao kufunika sauti zao. Mwenye kuwa karibu sana anaweza kuharibika masikio.

Sheria inaomba nini?
Uingereza ilitoa mwongozo tangu 1995. Mtu anachunguza bahari dakika 30 mbele ya kuanza, ao 60 kama kina cha maji kinapita metre 200. Nyangumi akionekana ndani ya metre 500, wanangoja. Kisha wanaanza na nguvu ndogo, wanaipandisha polepole.

Mufano wa Afrika Kusini
Desemba 2021, Shell ilitaka kufanya sismiki kwenye pwani ya Wild Coast. Wavuvi na wakaaji wakaenda tribinali. Tarehe 28 Desemba, tribinali kuu ya Makhanda ikasimamisha kazi. Tarehe 1 Septemba 2022 ikafuta ruhusa iliyotolewa 2014. Juu ya nini? Wakaaji hawakuulizwa inavyofaa: matangazo ilitoka ndani ya magazeti kwa Kiingereza na Kiafrikaans, wakati wenyeji wanasema isiXhosa. Kuzungumza na wafalme peke yao hakukutosha. Hatari kwa wanyama wa bahari nayo haikupimwa vizuri. Juni 2024, tribinali ya rufaa ilikubali kama ruhusa ilivunja sheria, lakini ikaachia kampuni nafasi ya kuomba upya, na wakaaji waulizwe.

Na kwetu?
2014, kampuni SOCO ya Uingereza ilifanya sismiki kwenye Ziwa Edouard, ndani ya Virunga. Huko hakuna nyangumi, lakini kuna viboko, samaki na wavuvi. Siku kampuni ingine itakuja na karatasi ya ruhusa, tuulize kwanza: nani aliulizwa, na kwa luga gani?