Aliyebaki nyuma: historia ya taa nyekundu, kutoka pori la Kigwa hadi LED

Novemba 1857, msafara wa wapelelezi Richard Burton na John Speke ulikuwa unavuka pori la Kigwa, siku chache kabla ya kuingia Kazeh, mahali tunapopaita leo Tabora. Mpagazi mmoja alibaki nyuma ya wenzake. Wanyang'anyi wakamkamata, wakampiga, wakaondoka na mzigo wake: nguo, miavuli, vitabu, wino, na mimea iliyokusanywa njiani. Burton aliieleza habari hiyo katika kitabu chake cha safari ya maziwa, na anayeisoma kwa makini ataona kwamba hasara yote ilitokana na jambo dogo: hakuna aliyekuwa akiutazama mkia wa msafara.

Kigwa ya leo ni kata katika Wilaya ya Uyui, mashariki ya mji wa Tabora. Wakati ule ilikuwa kwenye njia kuu ya kutoka pwani kwenda Unyanyembe, eneo la Kazeh, njia ya pembe, vitambaa, shanga na watumwa. Stanley, mpelelezi mwingine, naye alipita upande huu Juni 1871 akielekea Kwihara, alikofika tarehe 23. Burton na Speke walitumia siku 134 kutoka pwani hadi Kazeh, wakitembea katika mstari mmoja mrefu, mtu nyuma ya mtu, kwa sababu njia yenyewe ilikuwa upana wa mguu.

Katika mstari huo rangi nyekundu ilikaa mbele. Kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, alibeba bendera nyekundu ya Zanzibar, akavaa joho jekundu, na kichwani akajipamba kwa manyoya au ngozi ya mbega. Ngoma ilimfuata, na baragumu lilipigwa porini ili walio mbali wajue wenzao walipo. Nyuma kabisa hapakuwa na alama yoyote. Kwa desturi walikuwapo wenye mali, wakitembea taratibu na kuzuia wapagazi wasitoroke. Jicho la nyuma lilikuwa jicho la binadamu, tena la mtu anayelinda mtaji wake. Likisinzia, mzigo umekwenda.

Reli ndiyo iliyohamisha nyekundu kutoka kichwani kwenda mkiani. Wajerumani walianza kujenga reli ya kati Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Treni za mahali pengi duniani zilikuwa tayari na sheria moja ambayo abiria wengi hawakuiwazia: behewa la mwisho lazima libebe taa au alama ya mkia. Wengi hudhani taa hiyo ni ya kumzuia dereva wa treni ijayo asigonge. Kazi hiyo ipo, lakini kwa mtu wa stesheni ilikuwa na maana nyingine. Treni ikipita mbele yake aliitafuta taa ya mkia. Akiiona, amejua treni imepita nzima. Asipoiona, huenda mabehewa yamekatika na kubaki njiani, na kwenye njia moja inayotumiwa na treni za pande zote mbili hawezi kuruhusu nyingine iingie. Wasafiri wa misafara wangeipokea taa ya namna hiyo kwa mikono miwili.

Magari yalirithi wazo hilo mapema, ila kwa unyonge. Ford Model T ya mwaka 1915 ilipewa taa za mbele za umeme, huku taa yake ya nyuma ikiendelea kuwaka kwa mafuta ya taa miaka kadhaa zaidi. Nao utaratibu huo unaonyesha watengenezaji walimjali nani kwanza. Baadaye zikaja balbu, kisha taa ya breki, kisha indiketa. Mkataba wa Vienna wa usafiri wa barabara wa mwaka 1968 ukaweka wazi kwa nchi nyingi lililokuwa limeshakuwa desturi: nyuma nyekundu, na mbele nyekundu isionekane kabisa. Nyekundu ya kirangozi ikawa imepigwa marufuku kwenye nafasi yake ya zamani.

Gari lililoibeba taa hiyo katika Unyamwezi wa vumbi na mchanga, kuliko mengine nadhani, ni Landrova. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu juu ya chasi ya chuma. Maafisa wa serikali, wamisheni, watu wa misitu na wa tumbaku, wote waliitumia. Zile za Series III, zilizotoka kiwandani kati ya 1971 na 1985, zina taa ndogo za duara kila pembe ya nyuma, nyekundu na ya rangi ya chungwa, kila kifuniko kimeshikwa kwa skrubu mbili. Ndani ya ile nyekundu mna balbu moja yenye nyuzi mbili: wati 5 za taa ya kawaida na wati 21 za breki. Vijino vya kitako chake havilingani urefu, ili usiweze kuichomeka kinyume.

Ubaya wa taa hizo unajulikana na kila fundi umeme wa magari. Umeme hurudi kwenye betri kupitia bodi, na pale aluminiamu inapokutana na chuma penye unyevu, kutu nyeupe huota. Njia ya kurudi ikiziba, umeme hutafuta upenyo kwenye balbu ya jirani. Ndiyo maana utamwona mzee wa Landrova akikanyaga breki na indiketa ikawaka nusunusu, au akiwasha indiketa na taa zote za nyuma zikacheza. Balbu haina kosa. Mtu anaweza kununua balbu mwaka mzima bila kupata nafuu.

LED, chembe inayoingia sasa katika taa hizo za duara, ina historia ndefu kuliko watu wanavyodhani. Henry Round aliona kijiwe kikitoa mwanga kwa kupitishiwa umeme mwaka 1907, wakati reli ya kati inafika Morogoro. Mrusi Oleg Losev aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1927. LED ya kwanza yenye mwanga unaoonekana kwa macho, iliyokubalika kwa matumizi, aliitengeneza Nick Holonyak katika maabara ya General Electric mwaka 1962. Ilikuwa nyekundu. Bluu kali, ambayo ndiyo huzaa nyeupe, ilichelewa hadi miaka ya 1990, na Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walitunukiwa Nobel kwa ajili yake mwaka 2014. Kwa hiyo mkia wa gari ulikuwa tayari kupokea LED miaka mingi kabla ya kichwa chake. Taa nzima za nyuma za LED zilionekana kwenye Cadillac DeVille ya mwaka 2000, na sasa zimo hadi kwenye bodaboda.

Faida yake hupimwa kwa mita. Uzi wa balbu huhitaji kama sehemu moja ya tano ya sekunde ili upate joto na kung'aa, na LED huwaka papo hapo. Gari linalokuja nyuma kwa kilomita 100 kwa saa hukata zaidi ya mita 5 katika muda huo mdogo. Faida ya pili ni ya wenye magari makongwe: balbu mbili nyekundu za nyuma, taa zikiwa zimewashwa na breki ikikanyagwa, hula zaidi ya ampea 4, na dinamo ya Landrova ya zamani hutoa 22 tu, tena injini ikiwa inazunguka vizuri. LED hufanya kazi hiyo hiyo kwa chini ya ampea 1.

Anayetaka njia ya mkato hununua balbu ya LED iliyotengenezwa tayari na kuichomeka. Wengi hununua nyeupe, kwa kuwa nyeupe dukani huonekana kali. Kioo chekundu huzuia karibu kila rangi isipokuwa nyekundu, na LED nyeupe ina nyekundu kidogo, hivyo mwanga mwingi unafia ndani. Nyuma ya kioo chekundu weka LED nyekundu.

Anayejenga mwenyewe hukata kipande cha bodi ya saketi kwa duara la taa, akabaki na kioo na pete za asili, na gari likabaki na sura yake. LED nyekundu ya kawaida inahitaji volti 2 na kidogo, na mkondo wa miliampea 20. Injini ikiwaka, umeme wa gari hupanda hadi volti 14 na zaidi. Mafundi hufunga tano kwa mfululizo, zikala volti 10 na nusu hivi, na kinachobaki kikamezwa na rezista ya omu 150 hadi 200. Kwa nini zisiwe sita? Kwa sababu injini ikizimwa betri hushuka karibu volti 12, na mfululizo wa sita hufifia kabisa, gari likiwa limeharibika kando ya barabara usiku, yaani wakati taa inapohitajika kuliko wakati wowote. Mifululizo mitano au sita inaenea ndani ya duara moja.

Kazi inayotenganisha fundi na mbabaishaji ni viwango viwili vya mwanga. Kanuni za Umoja wa Mataifa za taa hizi zinadai taa ya kawaida ya nyuma isipungue kandela 4 na ya breki isipungue 60. Hiyo ni mara 15. Umeme wa breki hupitishwa kwenye rezista ndogo, na ule wa taa ya kawaida kwenye rezista kubwa ya omu elfu mbili au tatu, kila njia ikiwa na dayodi yake ili umeme wa huku usirudi kule. Nimeona magari yanayowaka nyuma kama duka la simu wakati wote, na dereva akikanyaga breki hakuna kinachobadilika machoni pa anayemfuata. Hilo kwangu ni baya kuliko balbu ya zamani iliyochoka.

Kuna pia suala la pembe. LED ndogo za milimita 5 humwaga mwanga mbele yake tu, kwa upenyo mwembamba. Ukisimama moja kwa moja nyuma ya gari zinachoma macho. Piga hatua chache kando, zimepotea. Fundi makini huinamisha za pembeni zielekee nje, au huchagua zenye kichwa kipana.

Indiketa nazo zitakataa kupepesa, maana flasha ya zamani hufanya kazi kwa bati linalopashwa joto na umeme wa balbu mbili za wati 21, na LED hazivuti umeme wa kutosha kulipasha. Hubadilishwa ikawekwa ya kielektroniki. Waya wa kurudisha umeme huvutwa upya hadi kwenye chasi, bodi isitegemewe tena. Na kwa Landrova zilizotoka kabla ya katikati ya 1967 kuna mtego wa mwisho: kwenye nyingi kati ya hizo ncha ya betri iliyofungwa kwenye bodi ni chanya, kinyume na magari ya leo. Balbu haijali umeme unatoka upande gani. LED inajali. Mtu hufunga taa zake nzuri, akawasha swichi, gizani kukabaki giza, akazilaumu LED za Kichina.

Siku hizi kuna lami kutoka Tabora kupitia Nyahua na Chaya kuelekea Itigi, na malori yanayokwenda kasi ambayo mchanga haukuiruhusu. Kando ya lami hiyo, jioni, wanapita watu wa baiskeli na magunia ya mkaa au madumu ya asali, na wengi wao hawana taa ya nyuma ya aina yoyote. LED moja nyekundu, rezista ya omu 50 na betri mbili za tochi huweza kuwaka usiku mwingi mfululizo bila kubadilishwa. Vifaa vinavyobaki mezani baada ya Landrova moja kukamilika vinatosha baiskeli tano au sita.