Kutoka Mizani ya Ulezi hadi Kilima cha Makerere

Kwa Mbemba, chakula ni ubwali, yaani ugali mzito wa ulezi. Audrey Richards alipofika Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, mwaka 1930, aliona Wabemba wakila mahindi ya kuchoma manne au matano mbele ya macho yake, kisha wakalalamika kwamba njaa inawaua na tangu asubuhi hawajatia kitu mdomoni. Msomaji wa kwetu haoni ajabu hapo. Richards, Mwingereza aliyezaliwa 1899 na kufundishwa na mwanaanthropolojia Malinowski mjini London, hakulipuuza jambo hilo. Alitaka kujua nini hasa huitwa chakula, nani hukipika na nani hukigawa.

Alikuwa amesoma sayansi ya viumbe huko Cambridge kabla ya kuingia anthropolojia, na usomi huo ulimfuata kijijini. Alipima vyakula vya kaya kwa mizani, siku baada ya siku, na vipimo hivyo akavichambua pamoja na mtaalamu wa lishe Elsie Widdowson. Alifuata pia kilimo cha citemene: wanaume hupanda mitini na kukata matawi, wanawake huyabeba na kuyarundika, kisha huchomwa moto na ulezi hupandwa kwenye majivu. Wanaume walipomiminika kwenye migodi ya shaba, nani angepanda mitini? Maofisa wa kikoloni walizoea kusema Wabemba ni wavivu. Kitabu chake cha mwaka 1939 kilionyesha kwamba mtu aliyekaa miezi ya njaa hana nguvu ya kulima, na ushahidi wake ulikuwa vipimo vya mizani ile ile.

Mwaka 1931 alikaribishwa kwenye chisungu, unyago wa wasichana wa Kibemba, akatazama makungwi wakifinyanga vinyago vya udongo na kufundisha kwa nyimbo. Kitabu cha sherehe hiyo hakikutoka hadi 1956, robo karne baadaye.

Kabla kitabu hicho hakijatoka, alibebeshwa kazi ya uongozi. Makerere ilipokuwa ndiyo kwanza imepandishwa kuwa chuo kikuu kishiriki cha London, Richards alikabidhiwa Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki hapo kilimani, mwaka 1950. Aliwaongoza watafiti waliotawanyika Uganda na nchi jirani. Mwenyewe alisimamia utafiti juu ya vibarua waliotoka Rwanda na Burundi kwenda kulima mashamba ya Buganda, uliochapishwa 1954. Katikati ya kazi hiyo, Novemba 1953, Gavana Cohen wa Uganda alimfukuza nchini Kabaka Mutesa II, mfalme wa Buganda, na Buganda ikawaka hasira. Kumhoji Mganda juu ya ardhi na uchifu wakati huo hakukuwa kazi nyepesi.

Fedha za taasisi zilitoka kwa dola ya kikoloni, na Richards alikuwa amekaa kwenye baraza la London lililoshauri zigawanywe vipi. Hilo tuliseme wazi. Hata hivyo, kiongozi aliyewahi kukaa jikoni kwa watu akipima unga wao ni tofauti na kiongozi aliyewajua kwa mafaili, na mimi naamini Makerere ilinufaika na tofauti hiyo. Aliporudi Cambridge alikuwa makamu mkuu wa chuo cha Newnham, mwaka 1959 akawa mwanamke wa kwanza kuwa rais wa Taasisi ya Kifalme ya Anthropolojia, kisha akaanzisha Kituo cha Masomo ya Afrika. Alifariki 1984.

Taasisi yake bado ipo Makerere. Kazi ile yote, kule Ubemba na Buganda, ilipita pia mikononi mwa wakalimani, makarani na makungwi, na majina yao ni machache tunayoyajua. Kama nyumbani kwenu kuna daftari, barua au picha ya mzee aliyefanya kazi na watafiti wa miaka ile, usiitupe. Andika jina lake nyuma ya picha, uipeleke maktaba iliyo karibu nawe.