Raleigh ya babu na shida ya nyuzi 26

Wasomaji, leo tuweke kompyuta kando kidogo. Ile baiskeli nzito tunayoiita Black Mamba hapa Kenya haijabadilika sana tangu 1885, John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, alipotoa Rover yake yenye mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo kule Belfast, akaleta tairi la upepo. Yaliyofuata, kwa lugha yetu sisi wa programu, ni matoleo madogo madogo tu. Baiskeli za aina hii ndizo zilizovusha abiria mpakani Busia hadi jina boda boda likazaliwa.

Ninayoifufua nyumbani ni Raleigh ya marehemu babu. Baba mdogo alitaka iuzwe kwa kilo kama chuma chakavu, nyanya akakataa katakata.

Habu ya nyuma ni Sturmey-Archer, imepigwa chapa AW 56 8, yaani Agosti 1956. (Umri wa habu tu, maana habu hubadilishwa.) Muundo wa AW ni wa 1936: giri ya kati imeshikamana na ekseli, na giri nne ndogo zinaizunguka kama sayari. Kasi ya tatu inaongeza mzunguko kwa theluthi, ya kwanza inaupunguza kwa robo. Niliiosha kwa mafuta ya taa, nikaitia oili nyepesi, na sasa inalia tik tik bila neno. Hata ingekufa, kampuni ilinunuliwa na SunRace ya Taiwan mwaka 2000 na vipuri vinapatikana.

Kazi ilikuwa kwenye pedali. Kopo linaloshika gololi lilikuwa limelika. Kopo jipya la dukani linaingia mizunguko miwili, linakwama. Kumbe la kawaida lina nyuzi 24 kwa inchi, na Raleigh, waliojitengenezea karibu kila kipande kiwandani kwao Nottingham, walichonga 26! Ukubwa unakaribiana mno, jicho halioni tofauti. Kwangu mimi huu ni ujanja ule ule wa kampuni za programu, faili zao zifunguliwe na programu yao pekee.

"Kijana, tulichomelee tu, litashika," fundi wa mtaani akaniambia.

"Litashika, mzee, lakini gololi zikiisha tutalifunguaje?"

Alicheka, akakubali kungoja. Wikendi tatu nilichakura kwa wauza vyuma vikuukuu hadi nikakuta fremu ya Raleigh iliyopinda, kopo lake zima. Liliingia kwa vidole, bila spana.

Matairi ya 28 yako kila duka la baiskeli. Zimebaki breki za vyuma, na ubishi wa rangi: mdogo wangu anataka nyekundu, nyanya anataka ile nyeusi iliyochubuka iachwe ilivyo. Spreya haijanunuliwa.