Plazma: umeme unaoifanya plastiki ishike wino

Tone la maji likidondokea mfuko wa plastiki halisambai. Hujikusanya mithili ya shanga na kuteleza. Wino na gundi navyo havishiki vyema. Ndiyo maana maandishi yaliyochapwa juu ya plastiki isiyotayarishwa hubanduka hata kwa ukucha. Likiwa jina la duka, si neno. Ikiwa ni tarehe ya mwisho ya kutumia dawa, hilo ni jambo jingine.

Chanzo chake ni maumbile ya plastiki zenyewe. Polithini na polipropilini ni minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni, na usoni pake hapana kitu cha kuvuta maji wala wino. Viwanda hukitafuta kitu hicho katika plazma, hali ambayo gesi huwa nayo umeme wenye nguvu unapong'oa elektroni kutoka katika atomi zake. Jina hilo lilitolewa mwaka 1928 na mwanasayansi wa Marekani, Irving Langmuir. Radi ni mfano wake. Katika plazma ya viwandani elektroni ndizo zenye joto kali, ilhali gesi yenyewe ni vuguvugu tu, hivyo plastiki haiyeyuki. Viungo vya juu hukatika, na oksijeni hujipachika hapo. Badiliko hilo halizidi kina cha nanomita chache, maelfu ya mara chini ya unene wa unywele. Mwaka 1951 mhandisi wa Denmark, Verner Eisby, alibuni mtambo wa kutibu filamu za plastiki kwa umeme wa aina hiyo, tena katika hewa ya kawaida.

Pengine faida kubwa zaidi imeonekana machoni. Mboni haina mishipa ya damu mbele yake, hivyo hupata oksijeni kutoka hewani. Lenzi za silikoni zinazovaliwa juu ya jicho huipitisha vizuri, lakini silikoni huyakataa machozi. Baadhi ya lenzi za kwanza za aina hiyo, zilizoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1990, zilitibiwa kwa plazma ili zilowane.

Hata hivyo, tiba hiyo haidumu. Molekuli za plastiki hujigeuza polepole, sehemu zenye oksijeni zikajificha ndani. Kwa hiyo wachapaji hupima kwanza kwa kalamu maalumu: wino wake ukijikusanya matone, robota hilo la filamu hurudishwa mtamboni.