Mwasisi wa Juja na Haki Yake

Baina ya Ruiru na Thika upo mji uitwao Juja. Jina hilo lilienezwa na William Northrup McMillan, Mmarekani tajiri aliyezaliwa St. Louis mwaka 1872. Mwaka 1903 alijaribu kusafiri kwa mashua katika Nili ya Buluu, akashindwa. Baadaye alikuja katika nchi hii, akapata shamba kubwa, akaliita Juja. Hapo ndipo alipomkaribisha Theodore Roosevelt mwaka 1909, muda mfupi baada ya mgeni huyo kutoka katika urais wa Marekani.

Je, yafaa McMillan aitwe mwasisi wa mji? Neno hilo lapasa kupimwa kabla ya kutolewa. McMillan hakupima barabara wala hakuwagawia watu viwanja. Aliloasisi ni shamba, tena katika nchi ambayo Wakikuyu, Wakamba na Wamaasai waliijua kwa kilimo na malisho kabla yeye hajazaliwa. Reli iliyofika Thika mwaka 1913, pamoja na jasho la vibarua wa mkonge na kahawa, ndiyo iliyowakusanya watu. Na pasipo watu hapana mji.

Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. McMillan alifariki mwaka 1925, akazikwa katika mteremko wa mlima Kilimambogo. Mjane wake, Lucie, alitoa mali ili ijengwe maktaba ya ukumbusho mjini Nairobi, nayo ikafunguliwa mwaka 1931. Ilikuwa zawadi njema yenye kasoro kubwa: kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwafrika aliruhusiwa kuwatazama simba wa mawe walio mlangoni, lakini si kufunua vitabu vilivyomo ndani. Ukoloni ulipokaribia kikomo, halmashauri ya mji iliifungua kwa watu wote, na hapo ndipo zawadi ilipotimia.

Leo Juja ni mji wa wanafunzi. Chuo kilichoanzishwa huko mwaka 1981 kwa jina la Jomo Kenyatta ni chuo kikuu, wala hakimwulizi mwanafunzi rangi yake. Basi McMillan na apewe heshima ya jina alilolieneza na ya maktaba iliyojengwa kwa ajili yake. Na heshima ya kuujenga mji wapewe wengi wasioandikwa popote.