Nyumba iliyotazama soko la Nyangwe

Kuna miji ambayo historia yake inasomwa kwenye nyumba za mawe zinazozunguka uwanja. Nyangwe ilijengwa kwa miti na udongo, kando ya Lualaba. Lakini nyumba moja ya hapa ilituachia maandishi.

Mwisho wa Machi 1871 David Livingstone alifika Nyangwe, akakaa mpaka Julai. Siku moja ya soko, mwezi wa nne, alihesabu watu zaidi ya 700 wakipita mlangoni pake. Wengi walikuwa wamama wenye mizigo. Karatasi zilimwishia, akaandika juu ya magazeti ya zamani, kwa wino wa mbegu za mti.

Tarehe 15 Julai watu wa Dugumbe, mfanyabiashara wa watumwa, walifyatua bunduki sokoni. Wamama walikimbilia mitumbwi, wengi wakazama. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria wafu kati ya 330 na 400. Habari ile ilifika Uingereza mwaka 1872, ikaongeza shinikizo, na tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash akakubali kufunga soko la watumwa la Unguja.

Livingstone aliandika hesabu ya wafu, si majina yao.

Ninyi mliorudi, wengine mmekuta parsele imekuwa pori, na shahidi ni mzee mmoja tu wa jirani. Basi andikeni sasa, hata kwenye daftari la mtoto: mipaka, majirani, nani alijenga, nani alifia wapi. Ukuta wa udongo mvua inaubeba. Jina lililoandikwa linabaki.